Tumbili Nambari Saba na Kitumbua Kilichopinda

Kikaango cha vitumbua cha shangazi yangu kina mashimo tisa, na shimo moja, lile la karibu na mpini, lina kovu. Kiliwahi kuangukia jiwe zamani, kabla sijazaliwa. Kila kitumbua kinachotoka humo hutoka kimelala upande, kama mtu aliyevaa kofia bila kujitazama kwenye kioo. Ladha ni ileile. Watu wote wa Kiwangwa wanaonunua kwa shangazi wanajua kwamba ladha ni ileile. Mimi siwezi kukila. Nimejaribu. Nikikitia mdomoni nahisi kama nimevaa viatu viwili vya mguu mmoja.

Naliweka jambo hili mwanzoni kabisa kwa sababu nimefundishwa, kwa njia ngumu, kwamba aibu iandikwe mapema. Na kwa sababu kitumbua hicho nusura kinikoseshe kazi pekee niliyowahi kuitaka katika maisha yangu, kazi ya kutazama tumbili.

Nieleze ilivyoanza. Nina kaka mkubwa mwenye usonji. Neno hilo hatukuwa nalo tulipokuwa wadogo. Tulikuwa na maneno mengine: mkimya, mkaidi, ana wake. Kaka hajibu salamu. Kwetu pwani mtu asiyejibu salamu ni kama mtu aliyetoka bila nguo, kwa hiyo shangazi, ambaye ndiye aliyetulea, amekuwa akimjibia kwa miaka yote. Mtoto akipita na kusema, "Shikamoo kaka," kaka anamtazama shati, na kutoka nyuma ya moshi wa jiko sauti ya shangazi inaitikia, "Marahaba!" Kisha kaka naye anatoa lake: "Kifungo cha pili." Na kweli, mtoto akijitazama, kifungo cha pili kimerukwa. Kaka hasemi mengi, lakini sijawahi kumsikia akisema kitu ambacho si kweli. Ana kazi anayoipenda, kupanga mananasi kwa ukubwa kando ya barabara kwa wauzaji, na hakuna nanasi lililowahi kukaa mahali pasipo pake akiwa zamu.

Neno usonji nililisikia redioni nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sitayaeleza, ingawa nimeahidi kueleza aibu zote. Nilianza kusoma kwenye simu. Nilisoma kila nilichokipata, na nusu ya nilichokipata sikukielewa, kwa hiyo nilikisoma mara nne. Niliazima kitabu cha baiolojia kutoka kwa mwalimu mmoja wa Miono na kukirudisha kikiwa kisafi kuliko nilivyokichukua, maana nilikibandika kurasa zilizochanika. Nikajua kwamba watafiti wanatafuta mizizi ya usonji kwenye ubongo na kwenye vinasaba, yaani yale maagizo madogo tunayorithi kwa baba na mama, na kwamba baadhi yao hutazama nyani na tumbili, kwa sababu ubongo wa tumbili unafanana na wetu kuliko ubongo wa panya, hasa sehemu zinazoshughulika na kuishi na wenzako. Tumbili naye ana ndugu, ana mahasimu, ana mtu anayemkuna mgongo na mtu asiyetaka kumwona.

Nilijichorea ubongo juu ya nusu ya fenesi kwa kalamu ya wino mzito ili nijifunze sehemu zake. Shangazi alipolikuta mezani aliligeuza.

"Hili nini?"

"Ubongo, shangazi. Hapa mbele ndipo mtu anapopanga mambo. Huku ndani kuna kipande kidogo kama korosho, hicho kinahusika na woga."

"Chako basi kitakuwa kama boga," alisema, akalikata fenesi, akatupa sehemu yenye wino, sehemu ya kupanga mambo, na kutugawia iliyobaki.

Daktari alikuja zahanati yetu kuzungumza na wazazi wenye watoto wenye usonji. Hakuwa daktari wa sindano, alikuwa mtafiti kutoka Dar es Salaam, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba na viatu vya matope. Nilikwenda na shangazi. Niliuliza maswali mengi kiasi kwamba mzazi mmoja aliniomba nipumue. Baada ya kikao Daktari aliniita pembeni. Alisema anaanza kazi ya kutazama makundi ya tumbili huku kwetu, kwenye mashamba ya mananasi: yupi anakaa na wenzake, yupi anakaa peke yake, na baadaye kuokota kinyesi chao ili vinasaba vikasomwe maabara. Alihitaji msaidizi anayekaa hapahapa.

"Vyeti vyangu si vizuri," nilimwambia kabla hajauliza. Ndivyo nilivyo. Nikiona shimo najitumbukiza mwenyewe.

"Tumbili hawaulizi vyeti," alisema. "Nakupa wiki sita za majaribio. Chagua kundi moja, litazame kila asubuhi, andika unachokiona. Nikirudi nitatazama karatasi zako. Nikiona unajua kuona, kazi ni yako. Nikiona hujui, tutaagana vizuri."

Njiani kurudi nyumbani, tulipofika kwenye mkorosho wa kona, shangazi alisimama.

"Kwa hiyo unamfananisha kaka yako na ngedere."

"Si hivyo, shangazi. Wanatazama ubongo. Hata moyo wako na wa mbuzi..."

"Moyo wangu usiutie kwenye mbuzi."

Lakini kesho yake asubuhi aliniwekea vitumbua vitano kwenye kikopo cha plastiki. Kimoja, bila shaka, kilikuwa cha shimo la karibu na mpini. Ilikuwa hivyo kila siku. Nadhani alinipa kile kwa makusudi, kwa kuwa mteja huwezi kumpa kila siku, na mtoto wa nyumbani hana pa kulalamika.

Kundi langu lilikuwa la tumbili kumi na wanne, ukingoni mwa shamba kubwa lenye mlinzi. Mlinzi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye manati shingoni na adabu nyingi mno. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza tumbili, na yangu ilikuwa kuwatazama, kwa hiyo tulikubaliana: yeye angefukuza kuanzia saa mbili. Nilipata gogo la kukalia. Niliwapa tumbili nambari. Nambari Moja alikuwa jike mkubwa mwenye sikio lililochanika. Nambari Mbili alipenda kumchambua kila mtu manyoya, hata asiyetaka. Nambari Saba alikuwa dume kijana, mkia wake umekatika ncha.

Sasa nieleze namna nilivyoandika, maana hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo nadhani yeyote aliyesoma shule zetu angeweza kulifanya. Shuleni tulikuwa na daftari la rafu na daftari safi. Kwenye rafu unaandika haraka, unakata, unachafua. Jioni unanakili kwenye daftari safi kwa mwandiko mzuri, na mwalimu anaona safi tu. Rafu ni kama jikoni, mgeni haingizwi. Basi mimi kila asubuhi niliandika kwenye karatasi za rafu kila kitu, kila kitu kabisa, maana naogopa kuacha kitu. Niliandika tumbili yupi kakaa wapi, upepo umetoka wapi, sisimizi wangapi wamenipanda, mimi nimekohoa saa ngapi. Jioni nilinakili kwenye karatasi safi, kwa rula, nikiacha yale ya aibu na yale yasiyohusu. Nikikosea herufi moja, nilianza ukurasa upya. Siku moja nilinakili ukurasa mmoja mara sita kwa sababu ya herufi ya mwisho ya neno "mkia".

Na karatasi za rafu? Nilimpa shangazi. Mfungaji wa vitumbua hana adui mbaya kuliko kukosa karatasi.

Wiki ya kwanza sikuona jambo la ajabu. Wiki ya pili nilianza kumwona Saba. Kila asubuhi, wenzake wakiwa wamekaa wawili wawili wakichambuana, Saba alikuwa amekaa peke yake, mbali, kwenye kisiki kilichokuwa karibu na gogo langu. Aliwapa wenzake mgongo. Nambari Mbili alipomfuata kumchambua, alimsukuma. Alikaa palepale, saa ileile, siku hadi siku. Kisha, nikishaondoka na kugeuka nyuma, nilimwona anapapasa gogo langu kwa mikono miwili, anapapasa tena, anarudi, anapapasa.

Nilikuwa nimesoma: kujitenga, kupenda utaratibu usiobadilika, kurudia tendo lilelile. Moyo ulinipiga hadi nikaandika vibaya. Niliamini nimempata. Miongoni mwa tumbili wote wa mashamba yote, kutoka Kiwangwa hadi Mkange, tumbili aliyetafutwa na sayansi alikuwa amekuja mwenyewe kukaa hatua chache kutoka kwa msichana aliyeanguka hesabu. (Ndiyo. Nilianguka hesabu. Hilo limetoka.)

Niliokota kinyesi chake kwa kijiko nilichokichemsha, nikakitia kwenye chupa ya jemu niliyoichemsha, nikaibandika lebo niliyoiandika mara tatu. Shangazi alikataa kisiingie jikoni. Nikakiweka chini ya kitanda changu. Nilianza kumpenda Saba kwa namna ambayo si ya kisayansi. Jioni nilimweleza kaka habari zake huku akipanga mananasi. Kaka hakuinua kichwa, lakini aliacha kupanga, na kwake kuacha kupanga ni sawa na mtu mwingine kukupigia makofi.

Wiki ya sita, siku ya Alhamisi, shangazi alikaanga alfajiri kisha akaenda Miono kwenye msiba, na kaka hapendi kuachwa nyumbani peke yake jiko likiwa limezimwa. Nikaenda naye shambani. Alibeba kikombe chake mwenyewe. Alikaa upande wa pili wa gogo, akanipa mgongo, akawatazama tumbili kwa muda ambao mimi, kwa miaka yangu yote ya kujisomea, sijawahi kutazama kitu.

Saba alikuja akaketi kwenye kisiki chake.

"Unamwona?" nilimnong'oneza kaka. "Ndiye huyo. Anajitenga."

Kaka alipuliza chai yake. Nilifungua kikopo. Nikala kitumbua cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano, kile kilichopinda, nilikitupa nyuma ya bega kama kawaida yangu. Nikaandika kwenye rafu, kama kawaida yangu: "Saa moja na dakika ishirini, nimetupa kitumbua kibaya."

"Hajitengi," kaka alisema.

"Nini?"

"Yuko kwenye foleni."

Niligeuka. Saba alikuwa ameshika kitumbua kilichopinda kwa mikono miwili, anakila taratibu, macho ameyafumba nusu, kama mzee anayekunywa kahawa.

"Ni wa kwanza kwenye foleni," kaka aliongeza, kwa sababu anapenda jambo likae mahali pake. Kisha akanywa chai yake.

Sikuamini. Nilimwambia ni bahati tu. Nilimwambia mambo mengi, na sauti yangu ilipanda hadi Nambari Moja akageuka kututazama. Kaka aliniambia neno moja tu tena, "Kesho usilete," akamaliza chai.

Ijumaa nilikwenda bila vitumbua, na kikopo kitupu tu. Saba alikaa kwenye kisiki. Saa moja na dakika ishirini ilipita. Alinitazama. Nilitazama karatasi. Alisogea. Alikuja mpaka kwenye gogo, akakitazama kikopo kitupu, akakigeuza, akakipiga-piga chini, akanitazama usoni kama mteja aliyeambiwa unga umekwisha. Halafu akanifokea. Akanipa mgongo, akaenda moja kwa moja kwa wenzake, akajibwaga mbele ya Nambari Mbili akachambuliwa kichwa, mgongo na makwapa, na akamchambua naye, na akacheza na watoto wawili, na akampokonya Nambari Tisa ganda la nanasi. Kwa nusu saa nzima sikuona tumbili mwenye marafiki wengi kuliko yule. Alikuwa hajiwezi kwa kupendwa.

Mlinzi alikuja na manati yake saa mbili. Nilimwuliza kama alijua kwamba Saba alikuwa akifuata chakula.

"Ee, tangu siku za mwanzo."

"Mbona hukuniambia?"

Alionekana kuumia. "Dada yangu, mimi nitakuingiliaje? Nilidhani ndiyo sayansi yenyewe. Nilikuwa namwambia mke wangu, wasomi wana subira, yule binti kila siku anamtega kwa kitumbua."

Daktari alikuwa anakuja Jumapili asubuhi. Nilikuwa na karatasi safi arobaini na zaidi zilizoeleza, kwa mwandiko wa kupendeza na mistari ya rula, maisha ya tumbili ambaye hakuwapo. Kitumbua hakikutajwa hata mahali pamoja. Nilikuwa nimekiondoa kila jioni kwa mikono yangu kwa sababu kilikuwa kinanitia aibu.

Niliamua kuandika barua ya kukiri. Nilianza: "Mheshimiwa Daktari, kwa masikitiko makubwa." Niliona "makubwa" imezidi. Nikaanza tena. "Kwa masikitiko ya kiasi." Hiyo ilisikika kama sijali. Nikaandika moja iliyoanza na tabia za tumbili kwa jumla, nyingine iliyoanza na historia ya kikaango, nyingine iliyomlaumu shangazi kidogo, nikaona haya, nikaiacha. Kufikia Jumamosi alasiri nilikuwa na barua kumi na moja na hakuna iliyokuwa safi. Nilizitupa zote kwenye kapu. Na hapa nakiri lile ambalo ni zito kuliko kitumbua: niliamua kunyamaza. Nilijiambia kwamba ukweli ulioandikwa vibaya ni afadhali usiandikwe. Ningempa zile karatasi nzuri, apendezwe, nipate kazi, na baadaye, polepole, nimponye Saba kwenye karatasi.

Jumapili nilichelewa kwa sababu ya kupiga pasi. Nilipofika barabarani na karatasi zangu kwenye bahasha ya plastiki, Daktari alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa kwenye benchi la shangazi na chai ya tangawizi, vitumbua mapajani.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba. Hujambo? Tumbili hawajambo?"

"Hawajambo." Nilimpa bahasha kwa mikono miwili.

Alifungua, akapekua karatasi moja moja, taratibu. "Mwandiko mzuri sana," alisema, na sijawahi kusikia sifa iliyonichoma hivyo. "Huyu Nambari Saba ni wa ajabu. Anakaa peke yake kila siku?"

"Kila siku."

"Hakuna kilichomleta hapo? Umeandika kila ulichokiona? Kuna cha kuongeza?"

Nilisema hakuna. Angalau nilifungua mdomo niseme hakuna. Kaka alikuwa ameketi kando ya jiko akipanga vitumbua kwenye sinia, vizima upande mmoja na kilichopinda peke yake pembeni. Hakunitazama. Alikuwa anakisogeza kile kilichopinda, kidogo kulia, kidogo kushoto, akikitafutia mahali.

"Nilikuwa namlisha," nikasema. "Si kumlisha. Nilikuwa natupa. Kile kibaya. Siwezi kukila, sijui kwa nini, kimepinda, na Saba alikuwa anakiokota, na mimi sikujua, na kwenye safi sikuandika kwa sababu ni aibu, na ana marafiki wengi, Daktari, ana marafiki kuliko mimi. Hajitengi. Yuko kwenye foleni. Hilo amelisema kaka, si mimi."

Yalitoka hivyo, bila mpangilio, na kamasi juu yake.

Daktari aliinua karatasi iliyokuwa imefunga vitumbua vyake. Ilikuwa na mafuta hadi inapitisha mwanga. Akaisoma kwa sauti: "'Mheshimiwa Daktari, kwa masikitiko ya kiasi.'" Akaigeuza. "Hii imekatikia hapo. Niliagiza vitumbua vingine nipate mwendelezo, nikapewa ya masikitiko makubwa."

Niligeuka kumtazama shangazi.

"Uliziacha kwenye kapu," shangazi alisema. "Kapu ni langu."

"Ulikuwa unajua kuna kitu?" nilimwuliza Daktari. "Ukaniuliza hata hivyo?"

"Nilitaka kujua kama nitaambiwa au nitafungiwa tu." Alikunja karatasi yenye mafuta vizuri na kuitia mfukoni. Zile karatasi safi alinirudishia. "Hizi sizihitaji. Mtu akinipa karatasi isiyo na doa najua kuna kitu kimeoshwa. Za asubuhi ziko wapi? Zile ulizoandikia shambani?"

Nilionyesha jiko, sinia, barabara, Kiwangwa yote.

Shangazi alielewa kabla yangu. Aliweka mwiko chini, akapaza sauti kwa waendesha pikipiki waliokuwa wamepaki ng'ambo: "Nani ana karatasi za ngedere?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa na wasomaji. Kwa wiki sita, watu walionunua vitumbua kwa shangazi walikuwa wakisoma habari za Saba. Dereva mmoja wa pikipiki alikuwa nazo tisa chini ya kiti chake, amezipanga kwa tarehe. Fundi cherehani alikuwa amezichomeka kwenye msumari. Mwalimu mmoja alitoa nne, akaomba radhi kwamba moja alikuwa ameisahihisha. Watu walikuja wakibishana.

"Saba kaacha kumjali Mbili tangu wiki ya pili!"

"Kamjali wapi? Yule ni mlafi, kitumbua kimemharibu akili."

"Mimi nilisema tangu mwanzo, siku binti asipoleta, mtaona."

Walijua wote. Kila mmoja alikuwa amesoma, kwa mwandiko wangu mwenyewe, "saa moja na dakika ishirini, nimetupa kitumbua kibaya, Saba kashuka kisikini," na hakuna aliyefikiri kwamba mwandishi wake alikuwa hajaelewa. Nilipomwuliza fundi, alinijibu kwa upole: "Tulijua unaficha ili tuendelee kununua."

Daktari alizipokea zote, zenye mafuta, zenye sukari, zenye alama ya kikombe. Alizisoma pale benchini hadi chai ikapoa. Mimi nilisimama. Alicheka mara mbili, na mara moja aliuliza kama kweli nilihesabu sisimizi. Nilisema ndiyo.

"Hizi ni nzuri," alisema mwishowe. "Unaona kila kitu. Shida yako ni kwamba jioni unajifuta." Kisha akaweka masharti. Wiki mbili zaidi. Bila chakula shambani. Karatasi moja tu, ileile ya asubuhi, nikikosea nikate kwa mstari mmoja unaosomeka, nisinakili, nisianze upya. Aliniomba pia kinyesi cha chini ya kitanda, kisha akasoma lebo, akasema hajawahi kuona kinyesi chenye mwandiko kama huo.

Wiki hizo mbili zilikuwa ngumu kuliko sita za kwanza. Saba alinifokea siku tatu, siku ya nne akanisusa, na baada ya hapo aliishi maisha ya tumbili wa kawaida kabisa, na mimi niliandika ukawaida huo ukurasa baada ya ukurasa. Siku ya pili niliandika "Nambari Sita" mahali pa "Nambari Saba", nikakata kwa mstari mmoja. Mstari ulienda upande. Niliufikiria siku nzima. Niliufikiria nikioga. Sikuugusa. Na kila asubuhi, kabla ya kutoka, nilikula vitumbua vyangu nyumbani, vyote vitano. Cha tano nilikila nimefumba macho, na kaka alisimama mlangoni kuhakikisha.

Daktari alirudi, akasoma, akanipa kazi. Alisema kundi langu ni la tumbili wenye afya njema ya ubongo isipokuwa tamaa, na kwamba kujua nani hayumo nako ni kazi. Kaka aliulizwa kama angependa kuja shambani Jumamosi kutazama nasi. Alisema, "Sina nafasi, mananasi," na ilikuwa kweli, msimu ulikuwa umeanza.

Limebaki jambo moja, na limemkasirisha shangazi. Karatasi zangu za rafu sasa zinakwenda kwa Daktari, zote, na shangazi alilazimika kufungia vitumbua kwenye magazeti. Wateja walinung'unika. Dereva wa pikipiki alifungua kitumbua chake, akasoma habari za mkutano fulani, akauliza Saba yuko wapi. Mauzo yakalegea. Basi tumepatana, Daktari akiwa shahidi. Kila jioni nakaa mezani na rula na kalamu, nanakili karatasi ya asubuhi kwa mwandiko wangu bora kabisa, bila doa, ukurasa upya nikikosea. Safi anapewa shangazi.

Juzi alinirudishia moja. Alisema nimeacha mahali Saba alipoteleza kwenye nanasi, mlinzi kawasimulia wateja, na wameulizia.